MAONI: Mwanafunzi aliniuliza kuhusu mafuriko, nikampa nusu ya jibu

ILIKUWA wiki yangu ya tano ya TP, muhula wa pili 2024, katika shule moja ya kutwa mtaani Eastlands. Kidato cha Pili, kipindi cha mwisho kabla ya chakula cha mchana, harufu ya githeri ikiingia dirishani. Mada ya siku ilikuwa tabianchi. Nilikuwa nimeandika ubaoni ule ufafanuzi tunaoujua sote: hali ya hewa ni ya leo na kesho, tabianchi ni wastani wake kwa miaka 30 au zaidi. Ubao ulikuwa umependeza kweli. Kisha kijana mmoja wa nyuma akainua mkono.

“Mwalimu, kwani hizo maji zilibeba keja yetu zilikuwa za klaimeti chenji, ama ni sisi tulijenga vibaya?”

Wenzake walicheka kidogo, halafu wakanyamaza wote kwa pamoja. Nikajibu haraka: “Ni mabadiliko ya tabianchi.” Kengele ikalia. Nikakusanya chaki zangu nikatoka kama mtu anayedaiwa.

Familia yake ilikuwa ikiishi kando ya Mto Mathare. Shule zilikuwa zimefunguliwa Mei 13 baada ya ufunguzi kuahirishwa kwa sababu ya mvua hiyo hiyo, naye alirejea darasani akiwa na sweta ya kuazima. Baadaye nilikuja kujua kwamba maji yalichukua nusu tu ya nyumba. Nusu iliyobaki iliangushwa na matingatinga, serikali ilipoamuru watu waondoke ndani ya mita 30 kutoka kwenye kingo za mito ya Nairobi. Sasa lisome tena swali lake. Hakuwa anauliza kitu cha mtihani. Alitaka kujua kama mamake alikosea.

Mimi nasomea ualimu wa Jiografia na Kiswahili. Kufikia siku hiyo nilikuwa nimekaa chuoni miaka mitatu. Ningeweza kukuchorea tabaka za angahewa macho yakiwa yamefungwa. Ningeweza kukutajia mabonde yaliyochongwa na barafu huko Ulaya. Nilijua habari za barafu ya Greenland kuliko za barafu ya Lewis iliyo juu ya Mlima Kenya, ambayo kati ya 1934 na 2010 ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake, na ambayo iko safari ya saa chache kwa matatu kutoka hapa, ukiongeza siku kadhaa za kupanda mlima. Lakini ukiniuliza kwa nini mtaa fulani wa Nairobi umefurika na mwingine haujafurika, ningeanza kukohoa.

Sehemu ya lawama ni yangu, nakubali. Sehemu nyingine ni jinsi somo lenyewe lilivyokatwakatwa. Katika silabasi ya 8-4-4, hali ya hewa iko Kidato cha Kwanza, tabianchi Kidato cha Pili, mito na maporomoko Kidato cha Tatu. Mafuriko moja yamegawanywa vipande kwa miaka mitatu, na hakuna siku ambayo mtu anavikalisha vipande hivyo meza moja. Chuoni ni vivyo hivyo, ila majina ya kozi ni marefu zaidi. Kozi ya miamba ina mhadhiri wake, ya tabianchi ina wake, na ya mbinu za kufundisha inakuuliza tu kama malengo yako kwenye andalio la somo yanaweza kupimwa.

Jioni hiyo nilirudi bedsita yangu nikaanza kutafuta jibu la kweli. Nilichokipata kilinishangaza.

Kuna kundi la wanasayansi linaloitwa World Weather Attribution. Kazi yao ni kujibu swali lile lile la kijana wangu. Wanachukua mvua au ukame uliotokea, kisha kwa kutumia vipimo na kompyuta wanailinganisha dunia hii iliyopata joto la takriban digrii 1.2 na dunia ambayo haingekuwa na joto hilo. Mei 2024 walitoa ripoti kuhusu mvua ya Machi hadi Mei iliyotunyeshea sisi na majirani. Makadirio yao: joto la dunia liliiongezea mvua hiyo ukali wa takriban asilimia 5, na wakasema wazi kwamba hawana uhakika mkubwa na tarakimu hiyo. Walichokikazia ni jinsi miji yetu inavyokua ovyo na jinsi maskini wanavyosukumwa mahali pa hatari.

Asilimia 5. Mimi nilikuwa nimempa asilimia 100.

Lakini ngoja kabla hujafurahi na kusema basi hii tabianchi ni hadithi. Kundi hilo hilo lilichunguza ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, ule wa misimu mitano mfululizo bila mvua ya maana, uliomaliza mifugo kaskazini mwa nchi. Huko walisema ukame wa aina hiyo umefanywa uwezekano wake kuwa mkubwa karibu mara 100 na joto la dunia, hasa kwa sababu ardhi yenye joto zaidi inakauka haraka hata ile mvua kidogo ikinyesha. Halafu mvua ya Oktoba hadi Desemba 2023: hiyo walisema ukali wake huenda uliongezwa hadi maradufu, huku Dipoli ya Bahari ya Hindi nayo ikisukuma. (Dipoli ni pale bahari ya upande wetu inapokuwa na joto kuliko upande wa Indonesia, mvuke unakuja kwetu, wao wanabaki na kiangazi.)

Nchi moja, miaka minne, majibu matatu tofauti. Hii ndiyo sayansi ya tabianchi ninayotaka kufundishwa, ile inayoweza kusema “hapa sana, hapa kidogo, hapa hatujui vizuri”. Ile ya kupanda miti Jumamosi na kuimba kauli mbiu naiheshimu, lakini haiwezi kumjibu mtoto aliyepoteza nyumba.

Na si lazima iwe ngumu. Fizikia ya msingi inasema hewa ikiongezewa joto la digrii 1 inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Hiyo inatosha kuanzia. Kisha chukua paa la mabati la mita 3 kwa 3, chumba cha kawaida cha mtaani. Mvua ya milimita 1 kwenye mita mraba 1 ni lita 1 ya maji. Ikinyesha milimita 100, paa hilo moja linamwaga lita 900, yaani mitungi 45 ya lita 20. Ongeza ile asilimia 5 ya tabianchi: unapata mitungi miwili na robo juu. Sasa waulize wanafunzi: nyumba yenu ilibebwa na hiyo miwili na robo, ama na ile 45 ya kwanza iliyokosa pa kwenda? Hesabu hii inaisha kwa dakika 5, na hakuna mtoto wa Eastlands asiyeujua uzito wa mtungi.

Iliyokosa pa kwenda. Hapa ndipo elimu ya dunia, ile ya miamba na udongo tunayoiona ya kizamani, inapokuja na nguvu. Nairobi ilianza 1899 kama kituo cha reli kwenye tambarare yenye kinamasi. Jiji limeinama: magharibi, kuelekea Kikuyu na Karen, ni juu, na udongo wake mwekundu unakunywa maji vizuri. Mashariki na kusini ni chini, na sehemu kubwa ni ule udongo mweusi unaovua watu viatu. Ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukilowa unavimba, unajiziba, na maji yanabaki juu yakikuangalia. Bonde la Mathare lenyewe lilichimbwa mawe ya kujengea jiji hili. Mito yote inateremka kutoka magharibi kwenda mashariki. Kwa hivyo mvua ikinyesha Dagoretti na Westlands, iwe umeiona au hujaiona, inakuja kwako. Hapo katikati tumemwaga lami, saruji na mabati, vitu visivyokunywa hata tone. Kisha tukajenga ukingoni hadi mto ukabaki mfereji, na mfereji tukaujaza taka. Ajabu ni kwamba maji hayo hayo yanaingia Athi, yanakuwa Galana, yanakuwa Sabaki, na kuishia baharini karibu na Malindi. Ukitupa chupa Korogocho, usishangae ikimpita mvuvi wa Pwani.

Hata Mai Mahiu, ile asubuhi ya Aprili 29, 2024 iliyoua makumi ya watu usiku ukiwa bado haujaisha, tuliambiwa kwanza ni bwawa lililopasuka. Kisha Wizara ya Maji ikaeleza kwamba ni maji yaliyojikusanya nyuma ya tuta la reli baada ya njia yake ya chini kuziba. Mvua ilikuwa kubwa, ndiyo. Lakini kitu kilichozibwa na uchafu na matawi kina mtu ambaye kazi yake ni kukizibua.

Ndiyo maana jibu langu la darasani linaniuma. “Ni tabianchi” ni jibu tamu sana kwa watu fulani. Kiongozi akisimama mbele ya kamera na kusema mafuriko yameletwa na tabianchi, hakuna wa kumuuliza kuhusu mtaro, kuhusu ghorofa iliyoidhinishwa juu ya chemichemi, kuhusu pesa za kuzibua mito. Nani atamshtaki anga? Tena anaonekana amesoma.

Jibu la pili, “mlijenga mtoni”, nalo lina wapenzi wake. Lilisikika sana wakati wa ubomoaji. Hilo linasahau kwamba hakuna mtu anayeamka akachagua kulala kando ya maji machafu. Analala hapo kwa sababu kodi yake ndiyo anayoimudu, na anailipa kwa mtu anayejulikana. Linasahau pia kwamba hewa ya kaboni imepanda kutoka sehemu 280 hivi kwa milioni kabla ya viwanda hadi zaidi ya 420 sasa, na kwamba mchango wa Kenya kwa uchafuzi wote wa dunia hauifikii hata asilimia 1. Mfugaji wa Marsabit aliyezika ng’ombe wake hakujenga mtoni. Hana hata mto.

Kwa hivyo mwalimu asiyejua kutofautisha anaweza kuwaachilia wezi wa hapa nyumbani, au akawaachilia matajiri wa ng’ambo, kulingana na jibu lililomjia mdomoni kwanza. Mimi niliwaachilia wa hapa nyumbani, tena bure, bila hata kuhongwa.

Nilipomweleza haya komredi mmoja tuliyekuwa tukifanya TP pamoja, alinitazama kwa huruma. “Wewe fundisha wapite. Nani atakuuliza hayo kwa KCSE?” Ana hoja, sitajifanya hana. Silabasi ni ndefu, vipindi ni dakika 40, darasa lina watoto 60 na ramani moja iliyochanika. Na sisi wenyewe tunasomea kazi ambayo ukishahitimu unaweza kukaa miaka ukisubiri TSC, au uanze na uanagenzi wa malipo kiduchu. Ukiwa na njaa, Dipoli ya Bahari ya Hindi haikuhusu. Msimamizi wangu alikuja wiki moja baada ya tukio hilo, akakaa nyuma ya darasa, akanipa alama nzuri kwa ubao nadhifu na maazimio ya kazi yaliyojazwa vizuri. Hakuna sehemu kwenye fomu yake inayouliza kama nilichosema ni kweli.

Lakini komredi anasahau kitu kimoja. Kwa wengi wa watoto wale, mwalimu wa jiografia ndiye mwanasayansi wa tabianchi wa pekee watakayewahi kuketi naye chumba kimoja. Hawatasoma ripoti. Watasikia redio, watasikia mhubiri akisema ni adhabu, watasikia mwanasiasa, na watakusikia wewe. Oktoba 2023 Rais William Ruto aliwaambia Wakenya kwamba hakungekuwa na El Nino ya uharibifu, bali mvua iliyozidi kiasi tu. Kufikia mwisho wa Novemba mafuriko yalikuwa yameua watu zaidi ya 100. Nchi yenye watu waliofundishwa kwamba utabiri ni uwezekano, kwamba asilimia 60 si ndiyo wala si hapana, ingekuwa imezibua mitaro hata hivyo. Sisi tulisikia “haiji”, tukaweka gambuti chini ya kitanda.

Kuna jambo la lugha pia. Haya yote niliyasoma kwa Kiingereza, kijana akaniuliza kwa Sheng, na hapo katikati mimi, mwanafunzi wa Kiswahili kabisa, nikakosa maneno. Sasa nimejifunza kutafuta mifano kabla ya istilahi. Hali ya hewa ni nauli ya jioni hii: mvua imenyesha, 50 imekuwa 150, unalia na konda. Tabianchi ni nauli ya njia hiyo ukiiangalia kwa miaka mingi, jioni za mvua na za jua zote. Mtu akitaka kukuonyesha kwamba nauli imepanda, hakuonyeshi jioni moja ya mvua, na pia hakukanushii kwa asubuhi moja ya Jumapili matatu zikiwa tupu. Nilifundisha hivyo mara moja tu na nilielewa mimi mwenyewe vizuri kuliko kozi nzima ya muhula.

Sheria tunayo. Ile ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 inataka mada hii iingizwe katika mitaala ya viwango vyote vya elimu. Sekondari pevu nayo imeanza Januari 2026 na Gredi ya 10, na Jiografia humo ni somo la kuchagua. Ukiniuliza mimi, kazi kubwa haiko kwenye kitabu cha mwanafunzi, iko kwenye vyuo vinavyotutoa sisi. Hebu kila anayesomea ualimu wa jiografia, hata wa sayansi, apewe tukio moja la karibu na kwao, mafuriko, ukame, ziwa lililomeza shule huko Baringo, lolote, na aambiwe alichunguze hadi aweze kusema sehemu ya anga ni ipi, ya ardhi ni ipi na ya binadamu ni ipi. Aulizwe maswali. Afeli kama amesema “tabianchi” bila tarakimu. Safari za Hell’s Gate na Menengai nazipenda, picha zangu ziko Instagram mpaka leo, lakini kutembea kilomita 3 kando ya Mto Ngong na daftari hakuhitaji basi la chuo wala fedha za HELB. Kunahitaji viatu vizee na pumzi ya kuhimili harufu.

Nilipokuwa tayari na jibu la kweli, kijana wangu alikuwa ameshahama. Juni hiyo, tunavyokumbuka sote, mji ulikuwa na mambo mengine barabarani, na watoto walikosa siku nyingi. Mambo yalipotulia, wenzake wakasema mamake amempeleka mashambani kwa nyanya yake. Kama angekuwa pale ningemwambia hivi: mvua ile ingekuwa kubwa hata bila joto la dunia, joto likaiongezea kidogo. Mto ulinyimwa nafasi yake miaka mingi kabla hujazaliwa. Mamako hakukosea kutafuta mahali pa kulala mlipoweza kulipia. Yuko aliyewakodisha hapo akijua, na yuko aliyeona na kunyamaza, naye alikuwa akilipwa asinyamaze.

Wiki ya mwisho ya TP tulikata chupa ya soda ya lita 2, tukageuza sehemu ya juu kuwa faneli, tukatia kokoto chini, tukamwaga maji hadi alama ya sifuri na kubandika rula kando. Ilikuwa Julai, baridi na mawingu bila mvua ya maana, kwa hivyo tuliandika sifuri siku karibu zote na darasa likaniona mchekeshaji. Nikawaachia wakaendelea nayo chini ya madam wa Jiografia aliyenilea pale. Juzi amenitumia picha ya daftari lao. Lina safu tatu: tarehe, milimita, na jina la aliyepima. Kuna mapengo mawili, kwa sababu chupa imeibwa mara mbili. Hii ya tatu wameifunga kwa waya.